Muziki wa Katuni Usio wa Watoto: Ule Unaokimbia Kama Umefukuzwa na Mbwa

Msimu wa korosho ukifunguliwa, vibanda vya kuweka nyimbo hapa Mtwara mjini navyo vinapata msimu wake. Watu wana visenti, sherehe haziishi, na kila bajaji inataka flashi mpya. Ndivyo jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alivyofika kwenye kibanda karibu na Soko Kuu na kumwambia kijana wa pale: "Mwanangu, niwekee ule muziki wa katuni. Ule unaokimbia kama umefukuzwa na mbwa, mara unaanguka, mara unaamka, mara unapiga honi."

"Shikamoo mama, dakika tano tu," kijana akamjibu, akampakilia nyimbo za watoto arobaini na kitu. Za kuhesabu, za herufi, za kupiga mswaki.

Kesho yake asubuhi mama alirudi na flashi yake. Sikuwepo, ila nimesimuliwa na wote wawili, na kila mmoja ananihakikishia kwamba mwenzake hajui muziki.

Mimi nadhani wote wanajua, kilichowagombanisha ni jina. Kwetu "muziki wa katuni" una maana mbili zisizohusiana. Maana ya kwanza ni nyimbo za kufundishia watoto, zile zinazoimbwa na vikaragosi kwenye runinga. Ya pili ni muziki uliotungwa ufuate vituko, hatua kwa hatua, mtu akianguka nao unaanguka. Roho hiyo ya pili imetoka zamani kwenye katuni na kuingia kwenye jazi, sarakasi, na hata kwenye ngoma za vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, Dar es Salaam. Mama alitaka huu wa pili. Hauna jina moja linalojulikana, ndiyo maana kuutafuta ni shida. Hapa nitauita muziki wa vituko.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane neno moja: mwendo. Mwendo wa wimbo ni idadi ya mapigo kwa dakika. Shika mshipa wa mkono wako sasa hivi. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Nyimbo nyingi za mapenzi zinatembea humohumo, ndiyo maana zinabembeleza. Kwenye 120 unainuka kucheza, na kwenye 180 jasho linakutoka. Singeli, ule muziki wa mbio wa mitaa ya Dar es Salaam, inaanzia kama 200, na zipo zinazofika 300. Hapo mguu hauwezi tena kufuata kila pigo, kwa hiyo mwili unachagua moja na kuliruka lingine.

Sasa wengi wanadhani mwendo ndio siri yenyewe. Jaribu mwenyewe: chukua wimbo wa taratibu, uuongeze kasi mara mbili kwenye simu. Dakika ya kwanza utacheka, kwa sababu mwimbaji anaimba kama anakimbizwa. Dakika ya pili umechoka. Kasi isiyobadilika ni kama gari la Masasi usiku: baada ya muda unasinzia humo ndani hata likienda mbio namna gani. Kinachokuamsha ni breki.

Breki ndiyo kiungo cha kwanza cha muziki wa vituko. Wimbo unakimbia, unakata ghafla, kimya, halafu unatokea upande usioutarajia, pengine kwa ala nyingine na kwa mwendo mwingine kabisa. Sikio lilikuwa limeshajiandaa kwa pigo linalofuata, na pigo halikuja. Mtu aliyekuwa anapanda ngazi gizani akadhani bado kuna kidaraja kimoja, anaijua ile hali. Tumbo linashtuka kabla akili haijaelewa, kisha unacheka.

Mimi hili nililiona kwanza Newala, kwa bibi, kabla sijajua kuna kitu kinaitwa okestra. Lipiko aliingia uwanjani. Kwa asiyefahamu, lipiko ni mchezaji wa Kimakonde aliyefunikwa mwili mzima na kuvaa kinyago kichwani, na wakiwa wengi ni mapiko. Huyu alikuja na mwendo wa bwana mkubwa mwenye kitambi. Kila kisigino chake kikigusa ardhi, ngoma kubwa inasema ndu. Ndu. Ndu. Akajikwaa makusudi, na vinganga, zile ngoma ndogo zenye sauti kali, vikamwagika kama rafu ya masufuria inaporomoka. Halafu kimya. Mguu mmoja juu, vumbi linashuka, hakuna anayepumua. Akageuza shingo tu, taratibu, kumtazama mzee mmoja aliyekaa mbele, na kinganga kimoja kikasema ti.

Uwanja ulilipuka. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Bibi aliniinamia: "Mjukuu wangu, wewe unamtazama yeye. Mtazame mpiga ngoma." Nikamtazama. Alikuwa hacheki. Macho yameganda kwenye miguu ya lipiko, mikono imesimama hewani, anasubiri. Katika uwanja mzima uliokuwa umepagawa, yule ndiye pekee aliyekuwa kazini. Kwa miaka mingi sikuelewa bibi alikuwa ananionyesha nini.

Kiungo cha pili basi ni huo: sauti kulingana na tendo, papo kwa papo. Na hapo ndipo hadithi yetu inakutana na ya Marekani, ambako kazi ileile ilifanywa kwa saa na rula.

Carl Stalling alizaliwa mwaka 1891 jimbo la Missouri. Zama za sinema bubu alikuwa anapiga kinanda ukumbini Kansas City, anatazama picha na kubuni muziki hapohapo, farasi akikimbia naye anakimbia. Alifahamiana na Walt Disney, akamtungia katuni zake za mwanzo za sauti, kisha mwaka 1936 akaingia kampuni ya filamu ya Warner na kukaa huko hadi 1958. Ndiye mtu wa sauti ya yule sungura mjeuri mla karoti. Alitunga muziki wa katuni zaidi ya 600, yaani ukipiga hesabu ni kama moja kila wiki mbili kwa miaka 22. Mtu anayetunga kwa mchafukoge hawezi kasi hiyo.

Aliwezaje? Kwa hesabu. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, ambazo ni 1,440 kwa dakika. Ukiamua kila pigo lidumu picha 12, umepata mapigo 120 kwa dakika. Pigo la picha 8 linakupa 180. La picha 6 linakupa 240, na hapo umeshaingia Manzese kwenye singeli. Mchoraji akijua paka ataanguka kwenye picha ya 96, mtunzi naye anajua, na wote wawili wanaliandalia anguko lile siku moja hata kama hawaonani. Wakati wa kurekodi, vijitundu vilivyotobolewa kwenye ukanda wa filamu vilitoa sauti ya tiki, tiki, na wapigaji waliisikia sikioni wakati wanapiga. Stalling ni miongoni mwa walioanzisha utaratibu huo. Kwa hiyo ile fujo unayoisikia, filimbi inapiga yowe, tarumbeta inalia kama bata, masufuria yanaanguka, imepigwa na watu wazima waliovaa vizuri, wamekaa kwenye viti, macho kwenye karatasi.

Aliyewahi kukaa na wanawake wanaobangua korosho kwa mkono hahitaji maelezo marefu hapo. Mikono imepakwa majivu utomvu usiunguze, kijiti kinashuka ta-ta-ta, maganda yanaruka, mazungumzo hayakatiki. Ukitazama kwa mbali unadhani wanaponda tu. Kaa karibu uone: kila pigo limepimwa, kwa sababu likizidi kidogo punje inavunjika, na vipande havina bei ya punje nzima.

Kiungo cha tatu ni utani wa kunukuu. Stalling alikuwa na kawaida ya kupenyeza kipande cha wimbo maarufu unaohusu kinachoonekana. Akitokea mwanamke mwenye gauni jekundu, okestra inachomekea wimbo unaotaja gauni jekundu, sekunde nne tu, kisha huyoo, wameondoka. Aliyeujua wimbo anacheka, asiyeujua haoni pengo. Mpiga kinanda wa sherehe za kwetu anaufahamu mchezo huu vizuri mno. Mdaiwa sugu akiingia ukumbini, kinanda kinateleza kidogo kwenye wimbo wa madeni, watu wanatazamana. Taarabu imejengwa nusu yake juu ya kitu hicho.

Kiungo cha nne ni sauti za vitu: honi, kengele ya ng'ombe, filimbi ya refa, mlango, chafya. Bingwa wa hapa ni Spike Jones, Mmarekani aliyevuma miaka ya 1940 na bendi yake ya City Slickers. Alichukua nyimbo nzito za mapenzi akazipiga kwa risasi za bastola, honi za gari na kwikwi. Ukisikiliza kwa makini, kila honi ina noti yake na imepangwa kwa noti, na risasi inalia palepale ambapo bendi nyingine ingepiga ngoma. Ukiiondoa unaona wimbo umekatika jino.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Wimbo unaotajwa zaidi watu wakisema "muziki wa katuni" haukutungiwa katuni. Raymond Scott alikuwa mpiga piano wa New York, na mwaka 1937 alirekodi kipande kinachoitwa Powerhouse na kundi lake, ambalo aliliita la watu watano ingawa walikuwa sita. (Ukianza hivyo, muziki wenyewe utakuwaje?) Kipande hicho kina nyumba mbili, yaani sehemu mbili. Ya kwanza inakimbia, saksofoni na tarumbeta zinafukuzana kama panya darini. Ya pili inapunguza mwendo na kuanza kukanyaga, nzito, sawasawa, kama mashine kubwa inayomeza vitu na kuvitoa upande wa pili. Mwaka 1943 haki za kuchapisha kazi za Scott zilikwenda Warner, na Stalling akawa ameruhusiwa kuchota. Kuanzia hapo, katuni ikionyesha kiwanda, mkanda unaosafirisha vitu na mtu anayehangaika juu yake, nyumba ya pili ya Powerhouse inaingia. Scott mwenyewe hakuwa anatunga vichekesho. Alikuwa mkali wa usahihi, anawafanyisha wenzake mazoezi kipande kilekile hadi wakikariri bila karatasi.

Sarakasi nayo imeibiwa hivyohivyo. Ile tuni ambayo ukiisikia tu unamwona mchekeshaji mwenye pua nyekundu ilitungwa mwaka 1897 na Julius Fučík, kiongozi wa bendi ya jeshi, kama gwaride la wapiganaji wa Kirumi. Gwaride la heshima kabisa. Ina noti zinazoteremka na kupanda bila kuruka hata kidaraja kimoja, nyeupe na nyeusi zote, kama paka anayetembea juu ya kinanda. Watu wa sarakasi walilichukua wakaliongeza kasi, na wapiganaji wakageuka vikatuni. Kwa hiyo kasi ina kazi yake, nisije nikaonekana naidharau. Inachekesha pale inapokipanda kitu kilichojiheshimu.

Tukija kwenye maneno ya mtaani, la kwanza ni kwamba muziki huu ni wa watoto. Katuni za Stalling, na zile za paka na panya alizozitungia muziki Scott Bradley kule kampuni ya filamu ya MGM, zilionyeshwa kwenye kumbi za sinema kabla ya filamu kubwa, mbele ya watu wazima waliolipa kiingilio. Kwetu zilifika zikiwa zimechakaa, tukaziangalia kwenye vibanda umiza kabla mpira haujaanza, tukaamini ni zetu. Bradley alikuwa anachomekea humo mbinu za muziki mgumu wa karne ya 20, ule ambao ukipigwa ukumbini peke yake watu wanaanza kutafuta funguo za gari. Paka akirushwa dirishani wanaupokea bila kinyongo.

La pili ni lile nililolisikia kwenye harusi moja Mikindani, DJ alipoachia singeli. Mzee aliyekaa meza ya jirani alisema, "Hii si ngoma, hii ni ajali." Nilicheka, na bado nacheka, lakini hakuitendea haki. Singeli ina ukoo. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, muziki wa vijana wa Dar es Salaam uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio, ngoma, na spika za pembe zilizounganishwa na betri ya gari. Kundi la Jagwa Music limeupeleka hadi Ulaya. Singeli ikaja na kompyuta: mtayarishaji anakata kipande kifupi, pengine cha taarabu, anakizungusha na kukikimbiza, na mwimbaji anapanda juu yake na maneno ya Kiswahili yasiyopumua. Msaga Sumu ameifanya ijulikane nchi nzima. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na tangu hapo watayarishaji kama Sisso, Jay Mitta, Duke na Bamba Pana wanasikilizwa na watu wasiojua hata salamu ya Kiswahili. Sikiliza singeli isiyo na mwimbaji, biti tupu, uone: kinanda kinazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, filimbi inaingia, inakata, inarudi. Viungo ni vilevile vya Stalling, isipokuwa hakuna paka wa kuufuata. Paka ni wewe unayecheza.

Kuhusu kwamba singeli ni uhuni, sitabishana hapa. Tungo nyingine ni chafu, ni kweli. Hata taarabu zipo chafu, ila zimevaa kanga.

Sasa namna ya kuutafuta. Usiende kibandani wala kwenye simu ukaandika "muziki wa katuni", utapewa za kupiga mswaki. Tafuta kwa kiungo unachokipenda. Kama ni breki na kuruka, tafuta Stalling mwenyewe: mwaka 1990 muziki wake ulitolewa bila sauti za waigizaji, kwa jina The Carl Stalling Project, na ukiusikia bila picha ndipo unashtuka. Kama ni mbio zenye nidhamu, ni Raymond Scott. Honi na kwikwi, Spike Jones. Ukitaka kichaa kilichopitiliza, yupo John Zorn wa New York, mpenzi mkubwa wa Stalling, na kundi lake la Naked City, ambalo linaruka kutoka jazi hadi mayowe ndani ya sekunde tano. Huyo usimpige mgeni akiwa anakula.

Afrika Kusini kuna kitu ambacho mtu wa Mtwara atakielewa haraka kuliko mtu wa New York. Kinaitwa Shangaan Electro, asili yake Limpopo, na mtayarishaji wake mkuu anajiita Nozinja. Mwendo ni mapigo 180 na zaidi, besi karibu hakuna, kinanda kinalia kama marimba iliyopandwa na mashetani. Lipo kundi la wachezaji wake, Tshetsha Boys, wanaocheza na ovaroli za rangi ya chungwa na barakoa za wachekeshaji usoni. Nilipowaona kwenye video mara ya kwanza nilisema peke yangu chumbani: mapiko hawa.

Basi nikamsindikiza jirani yangu kibandani, tukakaa na yule kijana saa nzima na vifaa vya sikioni, tukichagua. Kijana alikuwa na singeli biti tupu nyingi kuliko nilivyotegemea. Powerhouse alilazimika kuitafuta, na ilipoanza alitikisa kichwa akasema, "Kumbe hii mama! Si ungesema?" Mama akamwambia, "Nilisema, mwanangu, nilisema honi."

Hapo ndipo nilipopata kujua muziki ulikuwa wa kazi gani. Ana kikundi cha kina mama sita wanaobangua korosho uani kwake, na alitaka kitu cha kuwachangamsha wakati wa mchana, jua linapowapiga. Siku ya kwanza akaanza na singeli ya 220. Nilipita jioni nikakuta kikao. Mikono ilikuwa imefuata mdundo, na beseni la vipande lilikuwa limejaa kuliko la punje nzima. "Baba, huu unavunja korosho," aliniambia mkubwa wao, kana kwamba nimeutunga mimi.

Siku hizi singeli inapigwa jioni, wakiosha mikono. Mchana wanabangulia nyumba ya pili ya Powerhouse, ile ya kiwanda. Mama amemrudia kijana ili amkatie kipande hicho peke yake na kukizungusha kwa dakika arobaini.